Hodi Kabla ya Mlango Kufungwa

Mwatumu Irunde alikuwa amebakiza neno moja tu kumaliza tangazo mgeni alipopiga hodi.

Hodi yenyewe haikuwa ya kinyonge. Ilipigwa kwa kiganja juu ya bati la mlango wa chumba cha redio, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, iliruka nayo hewani. Manyoni iliwashtua watu waliokusanyika uwanjani. Itigi mbuzi walitimua mbio. Miji yote ya nyanda za kati, iliyokuwa imetulia kimya kungoja neno la mwisho, ilisikia bati la Irondo likilia na sauti ya mwanamke ikisema, "Hodi humu! Jamani, hodi!"

Mwatumu aliganda. "Kuanzia mchana huu," alikuwa ameshasema, "hakuna kipengele kipya kitakachopokewa katika toleo la mwaka huu la Kiu, programu iendeshayo minara yetu ya maji. Tunarekebisha, hatuongezi. Mlango..."

Basi, akaishia hapo.

Chilewa, kijana mwenzake aliyekaa kwenye mitambo, alimzungushia kidole hewani: malizia. Neno moja. Mwatumu aliutazama mlango wa bati, akakitazama kipaza sauti. Alilelewa na mama ambaye asingefunga hata kabati mtu akiwa anapiga hodi.

"Karibu," alisema. Na karibu hiyo nayo ikaenda hewani.

Mgeni aliingia akiisukuma baiskeli yake, kama mtu asiyewaamini watu wa nje. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, vumbi limempaka hadi kwenye kope. Nyuma ya baiskeli alifunga dumu tupu, na mbele, ndani ya kikapu, kishikwambi kilichoviringishwa kwenye khanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo," Mwatumu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenye mlango yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mgeni alimpima kwa macho toka juu mpaka chini. "Wewe? Mbona sauti yako redioni ni kubwa kuliko mwili?" Kisha akavuta pumzi. "Naitwa Mwalimu Basila Tlemu. Nafundisha hesabu Sanzule. Nimekuja kukuomba usiufunge."

"Sanzule!" Chilewa aliruka kitini. "Ee bwana, wanyonyaji wamefika wenyewe!"

"Nyamaza, mlamba makombo," Basila alimjibu bila hata kumgeukia. "Nipe maji kwanza, matusi baadaye."

Huo ndio uliokuwa utani wa upepo. Mji uliokaa upande upepo unakotoka, mnara wake ulitangulia kunywa unyevu wa alfajiri, ndiyo maana watu wake waliitwa wanyonyaji. Mji uliofuata ulikunywa kilichobaki, nao wakaitwa walamba makombo. Sanzule ilikaa mlimani upande wa mawio, Irondo bondeni chini yake. Watani hao waliweza kutukanana hata msibani, wakaibiana kuku na kucheka. Kitu kimoja tu kilikuwa mwiko kati yao: kunyimana maji.

Chilewa alimmiminia kikombe. Basila alikunywa nusu, na nusu nyingine akaimimina taratibu ndani ya dumu lake. Hapo utani ukamwisha Chilewa mdomoni.

"Mwalimu," Mwatumu alisema kwa upole, "tarehe ya kufunga tuliitangaza mapema. Kila mji ulijibu kwamba umesikia. Sanzule ilikuwa ya kwanza kabisa."

"Aliyejibu nani?"

Mwatumu aliiweka karatasi ya tangazo mezani. Alijua jibu. Zamani kila mji ulikuwa na mpokezi, mtu aliyesikiliza tangazo, akalipeleka nyumba kwa nyumba, halafu akapanda mnarani kujibu: tumesikia. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka uliopita, katika mkutano wa miji yote, walikubaliana kwamba minara yenyewe isome tangazo uwanjani kwa vipaza sauti vyake na kujibu yenyewe. Watu walipiga makofi. Mwatumu naye alipiga.

"Mnara umesikia," Basila alisema. "Watu hatukusikia. Sanzule hivi sasa hakuna mtu. Tumehamia mtoni, tunachimba mchanga kwa sufuria. Mnara wetu hauna maji, lakini jua unalo la kutosha. Kila asubuhi unalisoma tangazo lenu kwenye uwanja mtupu, unajisikiliza wenyewe, unajijibu wenyewe. Nimejua juzi tu, nilipopanda kuchukua chaki."

Ghafla sauti ikakwaruza redioni, ya mwanamke, kavu.

"Irondo, hapa Manyoni, Nyemo anaongea. Kipaza sauti chenu kiko wazi tangu mwanzo, kama hamjui. Sasa nambieni: mlango umefungwa au haujafungwa? Nina watu wamesimama juani."

*

Kiu haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa programu huria: msimbo wake ulikuwa wazi, na yeyote aliyejua kuandika aliweza kuusoma, kuukosoa na kuuongezea. Ndiyo iliyoendesha minara yote. Ndani ya kila mnara mlikuwa na sahani za chumvi zilizofumbuka alfajiri kunywa unyevu wa hewa, na jua lilipopanda zikautema ukawa maji. Hewa ni moja na minara ni mingi. Kwa hiyo minara ilisemezana usiku kucha, ikapangiana zamu, na iliyoifundisha kupangiana ni Kiu.

Kwa sababu hiyo toleo jipya halikuweza kuingia mji huu leo na mji ule kesho. Minara yote ilizimwa pamoja, ikawashwa pamoja, na ilipozimwa chumvi ilimwaga kila tone iliyokuwa nalo. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika hewa ikiwa bado na ubichi. Upepo mkavu ukishaingia, mnara uliozimwa haukujaa tena mpaka mvua za mwaka mwingine. Tarehe haikupangwa na Mwatumu. Aliipanga Mungu na upepo wake. Mwatumu alihesabu tu kurudi nyuma na kuwaambia watu: hapa tunafunga, hapa tunajaribu, hapa tunawasha.

Basila alifungua khanga na kuwasha kishikwambi. Aliwaonyesha msimbo mfupi, msafi, wenye maelezo ya Kiswahili cha darasani pembeni.

"Tumeuita Pumzi," alisema. "Tumeuandika mimi na wenzangu wawili, mchana tukichimba, jioni tukiandika. Mnara wetu uko juu sana, hewa yake nyembamba. Kiu inaufundisha kunywa kwa pupa, kama ule wa bondeni, nao unakabwa. Pumzi inazifumbua sahani polepole, kama mtu aliyelala. Kwa makadirio yangu tutapata maji ya kunywa na ya kupikia. Tutarudi nyumbani."

Chilewa aliusoma mara mbili, midomo ikicheza. "Ni mzuri," alikiri. "Mtoto wa watu, ni mzuri kweli."

"Uzuri haunyweki," ilisema sauti ya Nyemo. Hakuna aliyekizima kipaza sauti. Kukizima kungekuwa ukosefu wa adabu. "Mwalimu, pole kwa safari na pole kwa shida. Lakini nisikilize. Mimi nilikuwa Lukali toleo la sita lilipotoka. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri alichomeka kitu kizuri baada ya mlango kufungwa, hakikujaribiwa. Kilinyonya hewa yote ya Lukali, mji uliofuata kwenye upepo, na upepo mkavu ukawa umeingia, na hapakuwa na kurudi nyuma. Lukali leo ni nyumba bila milango. Mama yangu nilimzika njiani. Kwa hiyo msinifundishe huruma. Huo mlango ndio huruma yenyewe."

Basila aliinamisha kichwa. "Nakusikia, dada. Sijaja kuomba mnichomekee. Nimekuja kuomba nijaribiwe kama wengine."

"Sahani za mnara wa majaribio zimekwisha," Chilewa alisema kwa sauti ya chini. "Kila moja ina mwenyewe."

Mnara wa majaribio ulisimama pembeni mwa Irondo, mdogo, upande upepo unakotoka, hivyo ukinywa kupita zamu yake mji ndio uliopungukiwa kwanza. Kila kipengele kipya kilipewa sahani moja, kikakaa nayo kipindi chote kati ya kufunga na kuwasha. Hapakuwa na njia ya mkato, chumvi haiharakishwi.

Mwatumu alitoka nje. Aliiona bustani ya miche ya mama yake ng'ambo ya barabara, mistari ya migunga na mijohoro michanga, nusu imeshasinyaa. Mama alikuwa amechuchumaa kati yake, akigawa maji kwa kijiko. Kipengele kimoja kati ya vile vilivyopata sahani kilikuwa cha Mwatumu mwenyewe. Alikiita Makombo. Kilikusanya matone yaliyosalia kwenye mabomba kila mtu akishateka, kikayanyunyiza kwenye vitalu vya miche. Alikianza alipokuwa bado chuoni, mwaka ambao mama yake alimwandikia kwamba miche yote imekufa na ataanza upya. Alikuwa amemwahidi: mwaka huu, mama.

Alisimama pale kwa muda. Akawaza kwamba Nyemo alikuwa sahihi. Akawaza kwamba Basila naye alikuwa sahihi. Mlango uliofungwa mbele ya mtu aliyeambiwa unamlinda kila mtu. Mlango huohuo, ukifungwa mbele ya mtu ambaye hakuambiwa, ni ukuta tu.

"Mbona umesimama kama mgomba?" mama yake alimwita. Mama huyo, Bi Zaituni, alikuwa mwonjaji wa Irondo, ndiye aliyepima na kuonja maji ya mji siku zote za majaribio. Ulimi wake uliheshimika kuliko mashine. "Nimesikia yote. Redio ya jirani inapiga kelele. Huyo mnyonyaji wa watu amekula?"

"Bado, mama."

"Sasa unangoja nini?"

"Mama, nikimpa sahani yangu, miche hii..."

Bi Zaituni alikitazama kijiko chake, akaitazama miche, mche mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewaaga watoto wanaokwenda shule ya mbali. "Mche nikikosa leo nitaotesha tena," alisema. "Nimekwisha kuzoea. Kuotesha mtu sijui. Nenda kaseme unachotaka kusema, kabla sijabadili mawazo."

*

"Miji yote, hapa Irondo," Mwatumu alisema kwenye kipaza sauti, na safari hii hakusoma popote. "Mtu amepiga hodi kabla sijamaliza kufunga, na nyote mmesikia. Tuliahidi kwamba kila mji utaambiwa kabla ya mlango kufungwa. Sanzule haikuambiwa, uliambiwa mnara wake. Ahadi hiyo hatujaitimiza, kwa hiyo siwezi kusema mlango umefungwa kwa haki. Lakini dada Nyemo, hakuna kitakachochomekwa. Natoa kipengele changu, Makombo. Sahani yake apewe Pumzi, ijaribiwe kipindi kizima. Na kwa kuwa sisi Irondo ndio tulio chini ya upepo wa Sanzule, sisi ndio tutakaoonja. Ikitunyonya, tutaiona kwanza sisi, na tutaitoa. Tarehe ya kuwasha haisogei hata kidogo."

Nyemo akaja hewani: "Unaweka mji wako mdomoni mwa Pumzi?"

"Ndiko upepo unakotuweka, dada."

"Hm." Redio ilikwaruza. "Na hilo la minara kujijibu?"

"Naomba tuliache kuanzia leo hii. Mlango nitaufunga jua likianza kushuka, na sitaufunga mpaka nisikie sauti ya mtu kutoka kila mji. Mtu mwenye koo."

Ndipo nyanda zote zikaanza kukimbia. Itigi walimtuma kijana kwa pikipiki kuita mafundi kwenye machimbo. Mji mmoja uligundua mpokezi wake wa zamani ameoza meno, wakamtafuta mkewe. Mwingine haukuwa umesikia tangazo hata kidogo, kipaza sauti chake kilikuwa kimejengewa kiota na ndege. Watu wake walikuja hewani wakiwa wamekasirika, wakaelezwa, wakacheka. Sauti zikaingia moja moja, nyingine na kikohozi, nyingine na mtoto akilia nyuma yake: Tumesikia. Tumesikia, Irondo. Sisi huku tumesikia, na shemeji yake Chilewa anasema arudishe jembe.

Ilibaki Sanzule.

"Mimi nipo," Basila alisema. "Lakini mimi ni mtu mmoja. Watu wangu wako mtoni, hawana redio."

"Jibu kwa niaba yao, mwalimu. Leo tu." Mwatumu alimshika mkono uliokuwa bado na vumbi. "Safari ijayo sitatuma sauti. Nitakuja mwenyewe. Nitalisema tangazo la kufunga uwanjani kwenu, kwa mdomo wangu, siku yenyewe."

"Mlima ule? Na hivyo viatu?"

"Kwa viatu hivihivi."

"Wasichana wa bondeni wanaahidi sana," Basila alisema, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Akainama kwenye kipaza sauti. "Sanzule tumesikia."

"Mlango," Mwatumu alisema, "umefungwa."

*

Siku za kwanza za majaribio Pumzi ilitulia kama mtoto mwema. Kisha asubuhi moja isiyo na upepo Bi Zaituni alikuja chumba cha redio akiwa na kopo la kupimia, na hakusalimia.

"Yamepungua," alisema. "Na yana ladha ya chuma. Mnara wetu unakwangua chini."

Siku iliyofuata yalipungua zaidi. Foleni ya ndoo ilikunja kona. Hakuna aliyemtukana Basila, na hilo ndilo lililomuumiza. Watani wanapoacha kukutukana, ujue mambo yameharibika. Alikaa kwenye kiti cha Chilewa mchana kutwa, akipanda na kushuka ndani ya msimbo wake kama mtu anayetafuta pete gizani.

"Nimeona," alisema hatimaye. "Hewa ikitulia, Pumzi haijui kwamba imemaliza. Inaendelea kunywa hata kwenye zamu ya jirani."

Chilewa alikuwa tayari na jibu. Alikuwa ameandika kitu kizuri mno, kipimo kipya cha kuufanya mnara usikilize hewa na kujua lini ujinyime. Kilikuwa kirefu na kilimeremeta. "Kinatibu kila kitu," alisema. "Kitaisaidia hata Itigi."

Mwatumu alikisoma. Moyo wake ulikipenda papo hapo. "Hiki ni kipya, Chilewa."

"Ni dawa!"

"Ni kitu kipya kilichovaa koti la daktari. Hakikujaribiwa, na mlango umefungwa. Tunarekebisha, hatuongezi. Kipeleke toleo lijalo, nitakuwa wa kwanza kukipigia makofi."

"Na kama hakuna njia nyingine?"

"Basi Pumzi itatoka." Alisema hivyo Basila akisikia.

Basila hakumtazama. Alikuwa anatazama msimbo. "Hesabu ina njia mbili," alisema polepole, kama aliyekuwa darasani. "Ukishindwa kujumlisha, toa." Akaweka kidole kwenye skrini. "Hapa. Sehemu hii inafumbua sahani mara ya pili, baada ya zamu kwisha. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Inatupa maji ya kuoga, ya mifugo, ya kiburi. Nikiifuta, Pumzi itakunywa mara moja tu na kufumba. Tutapata ya kunywa na kupikia. Basi."

"Mwalimu, mtabaki na kidogo."

"Kidogo ndicho nilichokuja nacho kuomba," Basila alisema. Akafuta.

Kesho yake Bi Zaituni aliteka maji ya kwanza ya mnara wa Irondo mbele ya watu wote. Alilitazama kopo dhidi ya jua. Maji yalifika alama, yakapita. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akafumba macho.

"Nimeonja," alisema. Hilo ndilo neno ambalo bila hilo hakuna kitu kilichoingia katika Kiu. Kisha akamgeukia Basila, na uso wake ukafunguka. "Mnyonyaji mkubwa wewe! Ulitaka kutuua!"

Mji mzima ukaangua kicheko, na matusi yakammiminikia Basila kutoka kila upande, makubwa, matamu, ya watani. Basila alisimama katikati yake akilia na kutukana vilevile.

Siku ya kuwasha, minara yote ya nyanda za kati ilizimika pamoja na kukawa na kimya cha kuziba masikio. Kisha ikaamka. Kutoka Irondo watu waliona mlimani, pale palipokuwa na mnara mfu, sahani zikifumbuka taratibu, taratibu, zikimeta kwa jua la asubuhi kama kitu kinachopumua. Vigelegele vilianzia kwenye foleni vikapanda barabarani. Redioni Nyemo wa Manyoni alisema maneno mawili tu: "Haya, sawa." Waliomjua walisema hawajapata kumsikia akisifu namna hiyo. Na kabla upepo mkavu haujaingia, moshi wa kupikia ulionekana tena Sanzule.

*

Mvua zilikuja, zikapita. Siku ya kufunga ikawadia tena.

Mwatumu alikuwa amekesha juma zima na Makombo, na alfajiri ya siku hiyo, begi likiwa mgongoni, aliliona kosa. Lilikuwa dogo, lakini kipengele chenye kosa linalojulikana hakikupokewa. Lilitaka mchana mmoja wa mtu aliyeujua msimbo ule kama anavyojua sauti ya mama yake. Njia ya Sanzule ilitaka mchana huohuo.

"Kaa," Chilewa alisema. "Kaa umalize, tangazo tulirushe kutoka hapa. Siku hizi Sanzule wana mpokezi, Mwalimu Basila mwenyewe. Watasikia vizuri kabisa."

"Niliwaambia nitakuja."

"Uliwaambia mwaka jana! Kwa furaha! Nani anakumbuka?" Alimtazama rafiki yake, akashusha sauti. "Basi mimi nisogeze saa ya kufunga kidogo tu. Ufike, urudi, umalize kesho. Wewe ndiye mwenye mlango, nani atakuuliza?"

"Hapo ndipo ubaya ulipo," Mwatumu alisema. "Hakuna wa kuniuliza."

Alivuka barabara kumuaga mama yake. Bi Zaituni alikuwa na miche mipya, imechanua majani mawili mawili. Hakuhitaji kuambiwa, alimsoma usoni.

"Safari hii tena?"

"Safari hii tena, mama. Nisamehe."

"Nitafutie kijiko kikubwa zaidi huko mlimani," mama alisema, akarudi kwenye miche yake.

Kilima kilikuwa kikali kuliko alivyodhani, na viatu vilimwonea. Mara mbili alisimama, akageuka, akaona paa la chumba cha redio likimeta kule chini, akajua kwamba angalirudi wakati ule angaliwahi. Mara zote mbili alipanda.

Uwanja wa Sanzule ulikuwa umejaa. Walikuwa wamempikia. Watoto wa shule walisimama kwa mistari chini ya mnara uliodondosha maji tone, tone, ndani ya tangi. Basila alimtazama miguu iliyochubuka, akasema, "Mlamba makombo amepanda kweli," na uwanja mzima ukacheka, na mtu akamletea maji, kikombe kimejaa hadi ukingo. Mwatumu aliyanywa yote.

Alishika kipaza sauti cha Sanzule. Sauti yake ilikwenda uwanjani na hewani kwa pamoja.

"Kuanzia mchana huu hakuna kipengele kipya kitakachopokewa. Tunarekebisha, hatuongezi." Aliifikiria Makombo, na kosa lake dogo lililobaki wazi juu ya meza kule bondeni. Akangoja kidogo, kama ilivyokuwa desturi siku hizi, ili aliye njiani apige hodi. Hakuna aliyepiga. Wa mwisho aliyekuwa nje alikuwa yeye mwenyewe.

"Mlango umefungwa."

"Tumesikia!" Sanzule walijibu, wakubwa kwa wadogo, kwa sauti zilizoshuka mlima.

Redio ikaanza kukwaruza. Manyoni tumesikia. Itigi tumesikia. Mji baada ya mji, mtu baada ya mtu, mpaka ikabaki sauti moja, na Mwatumu aliitambua kabla haijamaliza kukohoa.

"Irondo tumesikia," alisema Bi Zaituni. Kijiko kikasikika kikigonga kopo. "Na miche nayo imesikia. Inasema shuka pole pole, usiteguke mguu. Itangoja."